Jina la Mama na Mfuko Wangu wa Uzazi

Nimezaa watu wazima wawili. Wa kwanza ni baba mkwe wangu, wa pili ni mama mkwe wangu. Ndivyo tunavyohesabu kwetu: mvulana wa kwanza hupewa jina la babake baba, msichana wa kwanza jina la mamake baba, na wakishaisha hao ndipo upande wa mke nao unapata zamu. Mzee akishapata mjukuu wa jina lake, tunasema ameitwa. Wengine husema kabisa kwamba amezaliwa. Mume wangu humwita binti yetu "mama" na humwomba ruhusa kabla ya kubadilisha stesheni ya redio. Mama yangu naye, akishuka kutoka Wundanyi kuja kwetu Voi, humwita mtoto huyohuyo "mkwe mwenzangu" na hakubali kukaa naye kochi moja.

"Mkwe mwenzangu amekalia mto wangu," husema. "Mwambieni asogee. Mimi siwezi kumwambia, ni mtu wa heshima."

Mtu wa heshima mwenyewe bado anang'oka meno ya mbele.

Mama hajaitwa. Alizaa wasichana wawili tu, mimi na dada yangu aliyeolewa Taveta. Dada alizaa wavulana, mvulana baada ya mvulana, kama mtu anayesajili timu, mwishowe akachoka akafunga kizazi. Baba yetu, ambaye alishafariki na hana haraka yoyote, ameitwa. Mama, ambaye yuko hai na anaulizia, hajaitwa. Kwa hiyo macho yote yakanigeukia mimi. Na mimi ndiye niliyeketi mbele ya daktari wa akina mama nikaambiwa kwamba kilichobaki, nikitaka, ni kutoa mfuko wa uzazi.

Maumivu yalianza baada ya mama mkwe, yaani binti yangu, kuacha kunyonya. Mwanzoni yalikuja na hedhi, yakaondoka na hedhi, kama mgeni mwenye adabu. Baadaye yakaanza kutangulia, kisha yakawa yanabaki nyuma, hadi nikashindwa kujua ni siku gani hayapo. Yalikaa chini ya kitovu, yakavuta kiuno, yakateremka mapajani. Mimi hushona nyumbani, sare za shule na vitenge vya harusi, na cherehani yangu ni ya miguu. Kuna siku kila nikikanyaga nilihisi sindano inapita kwangu badala ya kwenye kitambaa. Nikajifunza kujaza maji moto kwenye chupa ya soda, ile ya kioo, nikaifunga tumboni kwa leso na kuendelea na kazi. Wateja wakaniona nimenenepa. Sikuwasahihisha.

Lazima nieleze kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Nilisoma sekondari hapahapa, nikaolewa hapahapa mtaa wa Kaloleni, na safari yangu ya kawaida ni kutoka kwenye cherehani hadi jikoni, nikirudi napitia kitandani. Mume wangu hunitania kwamba wapimaji wa ardhi wakija mtaani watanitumia kama jiwe la mpaka. Ndiyo maana maumivu yaliponizuia kutoka, hakuna aliyegundua. Sikuenda harusi, wakasema ndivyo alivyo. Sikuenda kanisani, wakasema atakuja Krismasi. Hata mimi mwenyewe sikugundua. Siku moja tu, nikiwa nimejikunja sakafuni nikitazama vipande vya uzi chini ya cherehani, nilijiuliza: hivi napenda nyumbani, au nimefungiwa nyumbani nikajifundisha kupapenda? Sakafu ilikuwa baridi vizuri, nikakaa hapo.

Nilimeza vidonge. Nikadungwa sindano za homoni zilizonifanya nilie nikiona tangazo la sabuni. Nikawekewa koili ndani ya mfuko wa uzazi, ikatolewa. Daktari, binti mdogo kwangu mwenye sauti ya upole, alinionyesha picha ya mashine akanieleza kwamba ile ngozi ya ndani ya mfuko, ambayo hutoka na hedhi, kwangu imeingia hadi kwenye ukuta wenyewe, na ndiyo inayoumia humo.

"Tukitoa mfuko, kuna uwezekano mzuri utapata nafuu," alisema. "Vifuko vya mayai tutaviacha, kwa sababu havina shida. Lakini mama, siwezi kukuahidi kwamba maumivu yote yataisha. Yamekaa muda mrefu. Wengine hubaki na kidogo. Na hutabeba mimba tena, hilo halirudi nyuma."

Kisha akaniuliza, "Wewe mwenyewe, unataka mtoto mwingine?"

Nikamjibu, "Mama yangu hajaitwa."

Alinitazama. Ni mtu wa huku, alielewa. Alicheka kidogo, halafu akaacha. "Nimekuuliza wewe," akasema. Nikamwambia nitafikiria.

Nilifikiria kwa kuwauliza watu wengine. Nilianza na mume wangu, ambaye huchomelea vyuma kando ya barabara kuu kule Miasenyi na hurudi jioni na macho mekundu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaosha uso, akasema, "Mwili ni wako. Utakachoamua, niko na wewe." Najua kuna wanawake ambao wangelia kwa furaha kupata mume wa namna hiyo. Mimi nilimkasirikia. Nilikuwa nimembebea gunia zito, naye akanisaidia kulirudisha kichwani mwangu, taratibu, kwa mapenzi.

"Sema basi unataka nini," nikamwambia.

"Nataka usiumie."

"Na watoto?"

"Watoto si hawa? Huyu mama amenishinda hata kumchapa." Binti yetu alikuwa anacheka chini ya meza.

Nikaenda kwa jirani, mama wa mbaazi na mahamri, Mswahili aliyekuja huku kuolewa na ambaye hakuna lisilompitia mdomoni. Yeye alishatolewa mfuko miaka ya nyuma. Wanawake wa mtaani walikuwa wamenitisha tayari: utakuwa gunia, utakuwa baridi, upepo utaingia pale penye nafasi. Nikamuuliza kuhusu upepo.

"Upepo uingie wapi, mwanangu? Mimi nimegeuka hema?" Alikuwa anatia nazi kwenye sufuria. "Nilitolewa, nikalala, nikaamka, nikaumwa na mshono, nikapona. Ile damu na yale maumivu, kwaheri. Mgongo ulibaki, sitakudanganya, mgongo ninao mpaka leo. Na nililia."

"Ulilia kwa nini? Si ulikuwa na watoto wako?"

"Ninao sita, na simtaki wa saba hata akija na mkufu wa dhahabu. Lakini nililia. Kitu kikikaa kwako muda, kikiondoka unakililia. Weye lia tu, ukimaliza utanawa uso." Akanipa hamri. "Na huyo mamako mpe jina la pili kwa bintiyo, mambo yaishe."

Hilo la jina la pili niliwahi kulijaribu kwa simu. Mama akasema, "Mimi niwe tela ya mamake bwanako?" Tukazungumza habari za mvua.

Mwishowe niliona sina budi kupanda mlima nimuulize Mama mwenyewe, uso kwa uso. Niliwaacha watoto na babao, nikavaa dera pana, nikafunga chupa yangu tumboni kwa leso maana ilikuwa siku mbaya, nikanunua sukari na majani ya chai, nikaondoka. Mwatate nilishuka nikajaziwa maji moto hotelini. Mhudumu aliuliza kama soda ya moto ni dawa.

Mama yuko juu ya mji wa Wundanyi, mahali ambapo ukungu huingia nyumbani bila kubisha. Nilimkuta anapalilia maharagwe. Aliponiona alishika jembe kwa mikono miwili.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama."

"Wewe umetoka nyumbani kwako mwenyewe, bila kuitwa, na hakuna aliyekufa?"

"Hakuna."

Akanitazama vizuri. Akatazama dera, akatazama mkono wangu uliokuwa umeshikilia chupa chini ya tumbo isiteremke. Tumbo lenyewe siku kama hizo huvimba, hata bila chupa. Uso wake ukafunguka. Kwetu mimba haiulizwi, mtu husubiri aambiwe, na wakati anasubiri anachinja kuku.

Alichinja kuku. Mimi nilidhani ni furaha ya kuniona, maana siendi mara nyingi. Alinikalisha kwenye kiti chake chenye mto. Akasema anakuja sasa hivi, akapanda mteremko kwenda kwa jirani yake, bibi mmoja anayepanda na kuvuna naye tangu mimi nikiwa mtoto, akarudi na mayai na mkungu mdogo wa ndizi. "Umetumiwa," akasema, akaviweka miguuni pangu. Bado sikuelewa. Nimefika kidato cha nne, lakini kuna mambo hayakuwa kwenye mtihani. Ni pale nilipoinuka kuchukua ndoo ya maji nimsaidie ndipo alipokuja mbio na kuninyang'anya.

"Weka chini! Usinibebe vibaya!"

Nikabaki nimeinama pale, mkono hewani. Usinibebe. Mimi ndiye niliyekuwa nimembeba.

Ningesema wakati huo. Badala yake nilikaa. Akapakua kimanga, ule mseto wetu wa muhogo na maharagwe, akanipa paja la kuku, halafu akaniwekea firigisi, kitu ambacho katika nyumba ile mwanamke hakuwahi kukionja baba akiwa hai. Alikuwa anaimba nyimbo za kanisani huku akigeuza kuni. Nilijiambia nitameza kwanza, kisha nitasema. Nikameza. Nikajiambia nitamaliza paja.

Yale maumivu hayakungoja nimalize. Yalikuja kama yanavyokuja, kwa mkupuo, nikateleza kutoka kitini hadi kwenye mkeka karibu na jiko, nikajikunja. Mama aliacha mwiko.

"Lala chali! Inua miguu! Usisukume, mwanangu, usisukume! Ee Mungu wangu, siyo leo!"

"Mama, hakuna mimba."

"Inua miguu!"

"Mama. Sina mimba."

Mikono yake ilikuwa imeshafika kwenye leso. Ikakutana na kile kigumu. Akafungua fundo, akatoa chupa, akaishika kwenye mwanga wa mlango.

"Na hii ni nini?"

"Ni chupa ya soda. Ina maji moto. Huwa inanisaidia."

Aliitazama muda mrefu. Nadhani kama ningekuwa si mgonjwa ningecheka, na nadhani yeye pia. Aliimwaga, akachemsha maji mengine, akaijaza upya, akanirudishia tumboni yeye mwenyewe bila kuniangalia usoni. Kisha akakaa chini kando yangu, sufuria ya kuku ikipoa, nami nikamwambia yote: vidonge, sindano, koili, picha ya mashine, na kile ambacho daktari ananiuliza.

"Kwa simu ulikuwa unaniambia uko salama," alisema.

"Nilikuwa salama. Nilikuwa nimelala."

"Miaka yote hiyo?"

Akainuka, akaanza kuosha vyombo kwa kelele ambayo vyombo havikuihitaji. Baadaye akasema, mgongo ukiwa kwangu, "Nilikuwa nimefurahi."

"Najua, Mama."

"Usiseme unajua. Nimeshamwambia jirani. Nimemwambia, mimi nami nakuja."

Hapo ndipo nilipolitoa swali nililokuwa nimelipandisha mlima mzima. Nilimuuliza nifanye nini. Nilimwambia akisema nisubiri nitasubiri, nitajaribu kumpata mtoto, kama ni msichana atakuwa yeye, na mfuko utatolewa baadaye.

Mama alijipangusa mikono kwenye leso polepole sana. Kama nilitegemea baraka, sikupewa. Kama nilitegemea machozi, hayo pia sikupewa.

"Jina nalitaka," alisema. "Nikisema silitaki nitakuwa nadanganya, na wewe utajua. Nimekaa kwenye matanga na kwenye ubatizo nikisikia wenzangu wanaitwa, hata wale wambea. Nalitaka. Lakini wewe hukuja kuniuliza. Umekuja kutafuta mtu wa kulaumu. Nikisema toa, siku utakayolia utasema Mama ndiye aliyesema. Nikisema usitoe, kila mwezi ukilala kwenye sakafu utakuwa unanitukana huko Voi, na mimi niko huku napalilia maharagwe yangu. Sitaki. Nani anataka kutukanwa kila mwezi?"

"Siwezi kukutukana, Mama."

"Utanitukana kimoyomoyo. Wewe ndivyo ulivyo tangu mdogo, ukinyamaza ni matusi." Akarudisha kifuniko kwenye sufuria. "Na huyo mtoto, wewe unamtaka? Usiku akilia, atalia jina langu? Si atalia tu kama mtoto?"

Huko juu watu hulala mapema kama kuku, kwa ajili ya baridi. Tulilala kitanda kimoja, yeye ameelekea ukutani, mimi nimekumbatia chupa yangu. Swali lake lilikuwa lilelile la daktari, ila daktari aliliuliza kwa upole na Mama aliliuliza kwa ghadhabu, na labda ghadhabu ndiyo niliyokuwa nikiihitaji. Nilijaribu kumfikiria mtoto huyo. Nilimfikiria akiwa na jina la Mama, akitembea kama Mama na kugomba kama Mama, mume wangu akimtania. Hapo niliweza. Kisha nikajaribu kumfikiria akiwa mchanga, mchafu, ana homa, na mimi nikiwa nimejikunja chini ya cherehani. Sikuweza. Nilimsukuma hata kwenye mawazo. Sikuwa ninataka mtoto. Nilikuwa ninataka jina, na nilikuwa nimepanga kulipata kwa kumtuma mtu duniani alibebe, kisha nimlee kwa mwili ambao siku nyingine hauwezi kujilea wenyewe.

Ilinihuzunisha sana kulijua hilo. Nililia kidogo, kimya, nikielekea upande wangu. Mama alisema, "Usilowanishe mto," kwa hiyo nikajua kwamba hajalala.

Asubuhi nilimkuta amevaa viatu vya kwenda kwa watu, amesimama mlangoni akiwa na mayai na ndizi kwenye kikapu. Alikuwa anamrudishia jirani. Alikuwa pia anaenda kukanusha mwenyewe ile habari njema aliyoipeleka jana yake akikimbia. Alirekebisha kilemba, akakirekebisha tena. Sikuwahi kumwona Mama akiogopa kwenda mahali.

"Nipe," nikamwambia. "Nitaenda mimi."

"Wewe? Wewe hata choo unakiendea kwa kusukumwa."

"Nipe kikapu, Mama."

Njia ya kupanda ni fupi lakini ina mawe, na mwili wangu wa siku ya pili yake huwa kama nguo iliyokamuliwa. Nilipanda nikisimama. Bibi yule alikuwa amekaa uani juu ya kigoda anapukuchua mahindi. Aliponiona alianza kupiga kigelegele, meno yake yaliyobaki yote yakiwa nje.

"Karibu, mama wa rafiki yangu!"

"Bibi, ngoja," nikasema. "Usinipigie. Sina mimba. Mama alidhani. Ninaumwa, ninaumwa miaka mingi, na nimeamua kutolewa mfuko wa uzazi. Sitazaa tena. Mama hataitwa kwangu. Nimekurudishia vitu vyako."

Ndiyo mara ya kwanza maneno hayo kutoka kinywani mwangu yakiwa yamenyooka. Kwa daktari nilisema nitafikiria, kwa mume wangu nilisema labda, kwa Mama niliuliza. Nilimwambia mtu ambaye hakuwa na lolote la kuniamulia, nikiwa nahema, na kikapu mkononi. Nikasikia nyayo nyuma yangu. Mama alikuwa amenifuata, na viatu vyake vizuri vimeingia matope.

Bibi aliweka chini gunzi. Alimtazama Mama, akanitazama mimi. Watu wengine walikuwa wameniuliza kwa nini, na je ukijuta, na mume anasemaje. Yeye aliuliza, "Lini?"

Nilishangaa kwamba nina jibu. "Nikishuka, nitaenda kwa daktari anipangie. Nadhani mwezi ujao."

"Mwezi ujao ni maharagwe," akamwambia Mama.

"Najua ni maharagwe," Mama akasema. Akavuta kigoda kingine, akakaa, akachukua hindi akaanza kupukuchua kwa nguvu kana kwamba limemkosea. "Utanivunia. Sehemu ya kule chini uanze nayo, ndiyo inayokauka mbele. Mimi nitakuwa Voi kwenye lile joto lao, nampikia huyu uji."

"Na mayai je?" nikauliza, nikiwa bado nimesimama na kikapu.

"Kwani wagonjwa hawali mayai?" Bibi akasema. "Kaa chini, unatuzibia jua."

Nikakaa.